Jiwe Kwenye Mdomo wa Mtaro

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Wakubwa wake wamenithibitishia hivyo kwa maandishi, na mhuri wakagonga, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani wala kumtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Ni nchi ya milima yenye baridi na majani mabichi, ambako raia wanapenda maziwa na serikali inapenda mawe.

Mawe yenyewe si ya kujengea, ni mawe ya msingi. Katika nchi ile hakuna kitu kinachohesabiwa kuwa kipo mpaka mkubwa aje akiwekee jiwe la msingi, avute kipazia, watu wapige makofi. Kisima kingeweza kuwa kimechimbwa na mababu na watu wakanywa maji yake miaka sitini, lakini bila jiwe kilikuwa bado ni wazo tu. Ndiyo maana Mlezi Mkuu wa nchi, mtu asiyejua kuchoka, alizunguka mwaka mzima akiweka misingi ya vitu vilivyokwisha kujengwa zamani. Kila jiwe lilichongwa Jina lake kwa herufi za dhahabu, na sheria ya mawe ilikuwa fupi kiasi cha kueleweka na kila mtu: jiwe lenye Jina halihamishwi.

Kwenye mteremko mmoja wa nchi hiyo palikuwa na Shamba la Maziwa la Taifa, lenye ng'ombe thelathini na wanne na mwanamke mmoja aliyewajua wote kwa majina. Mwanamke huyo ni Sikudhani Mlowe, msimamizi wa uwanja. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila kupandishwa cheo, kwa kuwa hapakuwa na cheo cha juu cha mtu anayekomba kinyesi.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa saruji, umezungushiwa ukuta wa mawe, umelalia upande mmoja kidogo sana, kiasi kwamba mgeni asingegundua. Maji yaligundua. Kila asubuhi, baada ya kukamua, Sikudhani na wakamuaji watatu walisukuma kinyesi na mkojo kwa mbao zenye mipini mirefu, wakamwaga maji ya kusuuzia ndoo na maji ya kuoshea sakafu, na vyote vikateremka vyenyewe mpaka pembe ya chini. Pale palikuwa na tundu ukutani, upana wa sufuria ya ugali, na nyuma ya tundu mtaro uliopeleka uji ule kwenye shimo la samadi, na kutoka huko kwenye shamba la majani ya tembo. Ng'ombe walikula majani, wakatoa maziwa na mengine, na mengine yakarudi kwenye majani. Ilikuwa ndiyo wizara pekee ya nchi ile iliyokuwa ikifanya kazi, labda kwa sababu haikuwa na waziri.

"Ng'ombe akisimama pakavu," Sikudhani alizoea kuwaambia wakamuaji wapya, "mengine yote nitayaweza."

*

Siku moja shamba liligunduliwa kuwa halina jiwe.

Afisa itifaki alitumwa kutafuta mahali pa kuliweka. Aliitwa Bwana Zefania Kibuga, na alifika amevaa viatu vyeupe, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa ameambiwa anakwenda shamba la maziwa na akalichukua neno hilo kwa rangi yake. Alizunguka uwanja kwa ncha za vidole akitafuta mahali ambapo unyayo wa Mlezi Mkuu ungeweza kukanyaga. Kila alipotazama, ng'ombe alikuwa ameshakanyaga kabla yake. Mwishowe alifika pembe ya chini, akasimama, uso ukamchangamka.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo pasafi. Tena panang'aa. Jiwe litakaa hapa."

"Mzee, hapo ndipo maji yanapotokea kwenda mtaroni," alisema Sikudhani. "Ni pasafi kwa sababu maji yote ya uwanja huu yanapita hapo."

"Unaona basi. Hata maji yenyewe yamepachagua."

"Na jiwe likishakaa, maji yatapita wapi?"

Bwana Kibuga alimtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma.

"Mama yangu, haya maji ni ya serikali. Yataelekezwa."

Siku ya sherehe ng'ombe wa shamba walifichwa nyuma ya kilima, maana walikuwa wananuka ng'ombe, na mahali pao wakaletwa watatu wa kuazima, walioogeshwa kwa sabuni ya manukato na kufungwa riboni kwenye pembe zao. Wizara ilituma maseremala, wapiga ngoma, na mtu wa kushika mwavuli jua lisipowaka. Mlezi Mkuu alihutubia saa mbili na nusu.

"Kabla ya leo," alisema, "hapa palikuwa na ng'ombe tu. Kuanzia leo pana Maendeleo ya Ng'ombe. Nimeutazama uwanja huu kwa macho yangu mwenyewe, na ninautangaza kuwa Uwanja wa Mfano. Atakayeuliza maziwa yako wapi, aonyeshwe jiwe hili."

Watu walipiga makofi. Kipazia kikavutwa. Lilikuwa jiwe jeusi linalomfikia mtu kifuani, limesimama juu ya kitako cha zege kipana kama kitanda, na Jina likiwa limechongwa chini kabisa, ili anayetaka kulisoma ainame. Zege lililobaki mafundi hawakutaka lipotee bure. Walilimimina kwenye tundu la ukutani, kwa uimara.

*

Kesho yake asubuhi Sikudhani alikomba uwanja kama kawaida. Uji uliteremka, ukafika kwenye jiwe, ukasimama kidogo, kisha ukaanza kurudi. Alisimama na ubao wake mkononi akiutazama ukimjia miguuni. Masika yalikuwa karibu na yeye alijua hesabu ya ng'ombe thelathini na wanne inavyokwenda.

Alikwenda kwa meneja. Erasto Ndolezi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na cheo kimoja, na alikuwa akiwaza vitu hivyo sita kabla ya kufungua mdomo.

"Sikudhani, hilo jiwe umeligusa?" aliuliza.

"Sijaligusa."

"Vizuri. Usiliguse."

"Naomba lisogezwe hatua tatu tu, bosi. Hatua tatu, nizibue tundu, maji yatoke."

Meneja aliinuka akafunga mlango, akafunga na dirisha. Kisha wakaandika barua ya heshima iliyotaja uwanja, mvua, kwato, na haikutaja jiwe hata mara moja. Barua ilipanda ofisi saba. Baada ya wiki tano ikajibiwa kwa kuundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Maji.

Tume ilikuja na wataalamu tisa. Walisimama barazani kwa kuwa uwanja ulikuwa umejaa, wakayatazama maji kwa darubini, wakaondoka kwenda kuandika. Ripoti yao ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini. Ilieleza kwamba uwanja ni wa mfano, kwamba jiwe limewekwa kwa ustadi, na kwamba tatizo ni maji kukosa uelewa wa mradi. Ilipendekeza kibao. Kibao kililetwa, kikasimikwa ukutani upande wa juu wa mteremko, kikiwa na mshale mwekundu na maandishi makubwa: MAJI YAPITE HUKU.

Sikudhani alikaa siku nzima akiona aibu kwa niaba ya wataalamu wale, maana wao wenyewe hawakuonekana kuwa nayo.

*

Masika yakaanza. Uji wa kinyesi ukapanda mpaka vifundoni, ukapanda ukafika nusu ya ugoko. Ng'ombe walisimama humo mchana kutwa, na walipochoka kusimama walilala humo humo, viwele vikazama. Sikudhani na wakamuaji watatu walikuwa wakichota kwa ndoo na kumwaga nje ya ukuta, ndoo mia tatu, mia nne kwa siku, na ng'ombe nyuma yao wakirudisha kwa utulivu kilichotolewa, kwa kuwa ng'ombe hana likizo.

Wiki ya pili alichukua nyundo na tindo, akatoboa ukuta upande mwingine wa pembe. Aliifanya kazi hiyo mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Uji ukatoka kwa nguvu, na kwa siku mbili saruji ilionekana tena. Siku ya tatu mkaguzi alikuja, akapima tundu, akauliza nani aliliwekea jiwe la msingi. Akajibiwa kwamba halina jiwe. Akaandika kwamba tundu hilo halipo, na kwa kuwa halipo, likazibwa.

Wa kwanza kuchechemea alikuwa Biharusi. Ng'ombe huyo alipewa jina hilo kwa mwendo wake: alikuwa akienda kukamuliwa hatua moja moja, kichwa juu, wenzake wote wakimsubiri nyuma kama msafara wa harusi ukumbini. Sikudhani alimpokea mwenyewe siku alipozaliwa, miguu ikitangulia, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyemkamua. Sasa Biharusi aliinua mguu wa nyuma akabaki nao juu, hataki kuukanyaga, anatetemeka.

Daktari wa mifugo alikuja, bwana mmoja mpole aitwaye Anjelusi Ngole. Aliuosha mguu, akaubonyeza, akanusa vidole vyake, akatoa kalamu na kuandika: kusitasita kutembea.

"Daktari," alisema Sikudhani, "hiyo ni kwato imeoza. Harufu yake naijua hata nikiwa nimefumba macho."

"Naijua na mimi, mama."

"Sasa mbona umeandika kusitasita?"

"Huu ni Uwanja wa Mfano. Kwenye Uwanja wa Mfano hakuna kuoza. Mwenzangu wa wilaya ya pili aliandika kuoza, sasa hivi anachanja kuku kisiwani, na kisiwani hakuna kuku."

"Basi nipe dawa."

Daktari alifunga mkoba wake taratibu.

"Ningekupa, ningekuwa nakudanganya. Nikimtibu asubuhi, jioni atakuwa amesimama humo tena. Dawa yake ni pakavu, na hapo uwezo wangu unaishia."

Kabla mwezi haujaisha ng'ombe saba walikuwa wamekufa kwa kusitasita. Sikudhani aliwavuta nje mmoja mmoja, na kila mara alirudi akiwa na hasira zaidi. Hakuwachukia wakubwa kwa kuwa wakubwa. Aliwachukia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo. Hatua tatu tu.

*

Asubuhi moja, akiwa anachota, aliona uji umefika kwenye jiwe na kugusa mstari wa chini, ule wa dhahabu. Alisimama akiwa ameshika ndoo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, alicheka.

Alikuwa amewaandikia juu ya kwato. Alikuwa amewaandikia juu ya viwele, juu ya maziwa yaliyopungua, juu ya vifo. Alikuwa akisema na watu wasio na ng'ombe kwa lugha ya ng'ombe. Nchi ile ilikuwa na sikio moja tu, na hakuna aliyekuwa amepiga kelele ndani yake. Akanawa mikono, akaingia ofisini kwa meneja, akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake:

"Kwa masikitiko makubwa naripoti kwamba kinyesi cha ng'ombe kimelifikia Jina. Hadi saa nne asubuhi ya leo kimefunika mstari wa chini wa dhahabu, na kinaendelea kupanda. Naomba hatua ichukuliwe haraka kabla Jina halijazama lote."

Meneja Ndolezi aliisoma akakaa kitini. "Utatumaliza wote," alisema.

"Hawawezi kuliacha ndani ya kinyesi, bosi. Itabidi walitoe. Wakilitoa, hata wakilirudisha hatua tatu pembeni, maji yatapata njia."

Meneja aliliwaza jambo hilo muda mrefu. Lilikuwa wazo la kwanza lenye maana kuingia katika ofisi ile tangu yeye aajiriwe, na hakujua alipokeeje. Mwishowe akatia sahihi.

Barua iliyotaja kwato ilikuwa imepanda ofisi saba kwa wiki tano. Hii ilijibiwa siku ya tatu.

*

Ving'ora vilisikika kutoka bondeni kabla ya saa sita mchana. Sikudhani alipanda juu ya ukuta akaona malori kumi na mawili yakipanda mteremko, na winchi moja, na gari jeusi. Furaha ilimjaa mpaka akasuuza mabuti yake, jambo lisilo na maana yoyote mahali pale. Alimwendea Biharusi, aliyekuwa amelala pembeni kwa siku ya nne, akamfuta matope usoni kwa kiganja.

"Leo," alimwambia. "Leo utakauka."

Bwana Kibuga alishuka kwenye gari jeusi. Safari hii alikuwa na viatu vyeusi na cheo kikubwa zaidi. Askari walijipanga, naye akakunjua karatasi.

"Kwa kuwa kinyesi kimelifikia Jina, na kwa kuwa kinyesi hakina miguu ya kujileta chenyewe, na kwa kuwa uchunguzi wa kina umebaini kwamba kinyesi hicho hutokana na ng'ombe, basi inaamriwa kwamba chanzo kiondolewe mara moja na kwa ukamilifu."

Sikudhani alisikia maneno yote, lakini aliyaelewa pale askari walipoanza kukunjua kamba wakielekea upande usio na jiwe.

"Mzee, si ng'ombe," alisema. "Jiwe. Ni jiwe linalotakiwa kutoka."

"Jiwe limekunya?" aliuliza Bwana Kibuga.

"Hapana, lakini..."

"Nani amekunya?"

Sikudhani alinyoosha kidole kwenye jiwe.

"Mimi sikubuni kitu hapa, mama." Bwana Kibuga alitoa karatasi nyingine mfukoni, na Sikudhani akauona mwandiko wake. "Umeandika mwenyewe. Kinyesi cha ng'ombe. Ukaomba hatua ichukuliwe haraka. Tumeifuata barua yako neno kwa neno. Kama raia wote wangekuwa wanaeleza matatizo yao kwa ufasaha hivi, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Wenye miguu walipandishwa malorini. Wasioweza kupanda walivutwa kwa winchi. Biharusi alivutwa wa mwisho, kamba ikiwa kiunoni, shingo imenyooka kumtafuta mtu wake. Sikudhani alimshika sikio mpaka kwenye bodi la lori, na askari mmoja akambandua vidole kimoja baada ya kingine, bila ukali, akisema samahani mama. Alilia waziwazi mbele ya jeshi zima wala hakujificha uso. Malori yalikata kushoto kwenye njia panda, kuelekea kiwanda cha nyama cha kambi ya jeshi.

Askari walibaki mpaka jioni wakichota uji kwa ndoo na kulisugua Jina kwa miswaki.

*

Uwanja ulikauka kwa wiki moja. Redio ikatangaza kwamba nchi imekuwa ya kwanza duniani kuwa na shamba la maziwa lisilo na kinyesi, na wageni wakaanza kuletwa kuliona. Sikudhani hakufukuzwa kazi. Alipandishwa cheo, cha kwanza katika miaka yake yote: Mlinzi Mwandamizi wa Usafi wa Jina. Kazi yake ilikuwa kufagia saruji kavu na, mgeni akiuliza ng'ombe, kusema wamekwenda malishoni. Mwanzoni neno lilimkwama. Baadaye likawa halikwami tena, na hilo lilimuumiza kuliko lilipokuwa likikwama.

Nayo barua yake ikapigwa chapa. Wizara iliipeleka kila shule, kila soko, kila ofisi ya kata, iwe kielelezo cha namna raia mwema anavyotoa taarifa. Wizara ilikuwa na nia ya kufundisha uzalendo. Watu waliisoma kwa namna nyingine. Walikuwa ni watu wenye mawe yao, wamekaa nayo miaka, na kwenye barua ile waliona kitu kimoja tu: mwanamke mmoja kaandika, na serikali imekuja siku ya tatu.

Shule moja iliyowekewa jiwe juu ya kisima iliandika kwamba wanafunzi wenye kiu wanalirukia Jina kwa miguu. Siku ya tatu wanafunzi wakaondolewa. Soko moja likaandika kwamba maganda ya ndizi yanalifikia Jina, na wauzaji wakapakiwa na ndizi zao. Habari hizo hazikutangazwa redioni. Sikudhani alizipata vipande vipande kutoka kwa madereva waliowaleta wageni, na kila aliposikia moja alikwenda kukaa nyuma ya banda la kukamulia, peke yake.

Halafu siku moja, karibu na adhuhuri, tarishi alimletea bahasha yenye jina lake. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyemjua.

"Dada Sikudhani, salamu. Hunifahamu, mimi ni muuguzi hapa zahanati ya Ikondeo, naitwa Tulinave. Jiwe letu liliwekwa kwenye mlango wa wodi ya wazazi, miaka miwili sasa. Akina mama tunawapitishia dirishani, na mwezi jana mmoja alijifungua akiwa amekwama nusu ndani nusu nje. Tumeandika kila mahali hatujajibiwa. Juzi tukabandikiwa barua yako ukutani, tukasema kweli huyu dada ana akili. Basi na sisi leo tumeandika kwa mtindo wako, kwamba damu ya uzazi imelirukia Jina. Wazazi tulio nao humu ni kumi na mmoja, wawili wana uchungu sasa hivi ninapoandika, na wote wamesema nikushukuru."

Sikudhani aligeuza bahasha kutafuta mhuri wa posta. Ulikuwa wa siku tisa zilizopita.

Alikimbia mpaka ofisini, akampita meneja bila kumwomba, akainua simu, akaomba Ikondeo. Simu iliita muda mrefu. Kisha ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti ya adabu.

"Zahanati ya Mfano ya Ikondeo, habari za mchana."

"Namtaka muuguzi Tulinave," alisema Sikudhani. "Yule wa wodi ya wazazi. Naomba niongee naye sasa hivi."

"Hapa hatuna muuguzi, mama, wala mgonjwa," sauti ilisema. "Hapa pasafi kabisa. Karibu utembelee."